Mwana Aliyetupwa: Kuitetea Blade II Dhidi ya Wahakiki Wake

Utangulizi

Kuna ada iliyozoeleka katika idara zetu za fasihi, nayo ni kuihukumu kazi ya sanaa kabla ya kuisoma au kuitazama. Filamu za mapigano ndizo zinazoathiriwa zaidi na ada hii. Miongoni mwazo, zile zinazotolewa kama mwendelezo wa filamu iliyotangulia huhesabiwa kuwa taka za taka. Mwanafunzi wa uzamili anayethubutu kuleta pendekezo la tasnifu juu ya filamu ya wanyonyadamu huulizwa kwa upole kama hakupata riwaya ya kuhakiki. Upole huo ndio unaotukera, kwani unaficha hukumu ambayo haijajengewa hoja.

Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo kwa mfano mmoja. Mfano wenyewe ni Blade II, filamu iliyoelekezwa na Guillermo del Toro na kutolewa mwaka wa 2002, ikiwa ni mwendelezo wa Blade ya mwaka wa 1998 iliyoelekezwa na Stephen Norrington. Miswada ya filamu zote mbili iliandikwa na David S. Goyer, na katika zote mbili mhusika mkuu anaigizwa na Wesley Snipes. Tunadai mambo mawili. Kwanza, Blade II ni kazi bora kuliko ile iliyoitangulia, na ubora huo unatokana na kule kuwa kwake mwendelezo. Pili, wahakiki wanaoipuuza wamejifunga katika usomaji unaoitafuta dhamira katika kauli za wahusika pekee, na kwa sababu hiyo hawaioni dhamira inapobebwa na tendo.

Hoja ya Soko

Hoja ya kwanza inayoletwa dhidi yetu ni ya kibiashara. Husemwa kwamba mwendelezo hutengenezwa kwa sababu filamu ya kwanza iliuza, na kwamba kilichozaliwa sokoni hakiwezi kuwa sanaa. Sehemu ya kwanza ya kauli hii ni kweli, nasi hatuna haja ya kuikana. Blade II iligharimu takriban dola milioni 54 na kuingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani kote. Hakuna kampuni ambayo ingetoa fedha kiasi hicho kwa mapenzi ya sanaa. Lakini sehemu ya pili ya kauli haifuati kutokana na ya kwanza. Shakespeare aliandika sehemu ya pili ya Henry IV kwa ajili ya ukumbi uliowatoza watazamaji kiingilio, na hatujasikia mtu akidai kwamba tamthilia hiyo iondolewe katika silabasi.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta ushahidi. Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, wasomaji walimpenda, naye akamrejesha katika Kisima cha Giningi mwaka wa 1968 na katika riwaya kadhaa baada ya hapo. Riwaya hizo ni fasihi pendwa na zilikusudiwa kupendwa. Hata hivyo, tunazifundisha, tena kwa haki. Tukirudi nyuma zaidi, ngano za Sungura na Fisi na visa vya Abunuwasi ni miendelezo mitupu. Hakuna bibi aliyewahi kulaumiwa na wajukuu kwa kumrejesha Sungura jioni ya pili. Walichomdai ni kwamba hila ya jana isiwe hila ya leo. Hadhira ya ngano ilikwisha kuweka kigezo ambacho wahakiki wetu wa filamu wamekisahau, nasi tutakirudia punde.

Kabla ya hapo, yatupasa kuwakataa baadhi ya watetezi wa filamu hii. Mnamo mwaka wa 2018 del Toro alituzwa Oscar ya mwelekezi bora kwa The Shape of Water, na filamu hiyo ikatwaa tuzo ya filamu bora. Wapo wanaoitaja Blade II kwa heshima ya kuazima, kama kazi ya awali ya mtu aliyekuja kuwa mkubwa. Utetezi wa namna hiyo hatuutaki. Kazi isiyokuwa na thamani mwaka wa 2002 haiwezi kuipata thamani kwa sababu mtunzi wake alipokea sanamu ya dhahabu miaka kumi na sita baadaye. Anayengoja jopo la Marekani limwambie kipi ni sanaa ameacha kazi ya uhakiki na kushika kazi ya utarishi.

Kigezo cha Mwendelezo

Je, mwendelezo upimwe kwa kigezo gani? Tunapendekeza kwamba mwendelezo ni mzuri pale unapoligeuza jibu la kazi ya kwanza likawa swali. Mwendelezo unaorudia jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi ni dhaifu, hata kama umepambwa kwa fedha nyingi.

Tuitazame filamu ya kwanza. Katika Blade, wanyonyadamu wamegawanyika katika tabaka mbili: waliozaliwa hivyo, wanaojiita wenye damu safi, na waliogeuzwa kwa kuumwa. Deacon Frost ni wa tabaka la pili. Anawaasi wazee wa baraza, anamuua mzee Dragonetti, na kutaka kuwa mungu wa damu. Blade, ambaye mama yake aliumwa akiwa mjamzito na ambaye kwa hiyo ana nguvu za wanyonyadamu bila kudhuriwa na jua, anamshinda. Jibu la filamu hiyo ni jepesi: hatari ni yule mwasi mwenye tamaa. Mtazamaji anaweza kutoka ukumbini akiamini kwamba laiti Frost angetii wazee wake, dunia ingebaki salama.

Blade II inalivunja jibu hilo. Hapa pameibuka viumbe wapya waitwao Wavunaji, ambao huwala wanadamu na wanyonyadamu pia. Mtawala wa wanyonyadamu, Damaskinos, anamtumia Blade wajumbe, akiwamo bintiye Nyssa, kumwomba wasimamishe uhasama na kushirikiana. Blade anakabidhiwa kikosi kilichofunzwa kwa miaka miwili kwa lengo la kumuua yeye mwenyewe. Mtawala anaeleza kwamba Wavunaji ni maradhi yaliyozuka. Baadaye tunagundua kwamba maradhi hayo ameyatengeneza yeye katika jitihada za kuunda kizazi cha wanyonyadamu kisicho na udhaifu wowote, na kwamba Mvunaji wa kwanza, Jared Nomak, ni mwanawe wa kumzaa. Hatari haitoki kwa mwasi aliye pembezoni. Inatoka kitini, kwa yule yule mwenye damu safi ambaye filamu ya kwanza ilimwacha aonekane kama mhanga. Ndoto ya usafi wa damu ndiyo iliyozaa uchafu unaolalamikiwa.

Mabadiliko haya hayajaishia katika msuko. Yameingia hadi katika silaha. Fedha na kitunguu saumu, vitu vilivyowaua wanyonyadamu katika filamu ya kwanza, haviwadhuru Wavunaji, na mioyo yao imezingirwa na mfupa kiasi kwamba pigo la kawaida la kifuani haliwafikii. Kilichobaki ni mwanga wa jua. Hii ndiyo ile hila mpya ambayo wajukuu walimdai bibi. Shujaa anayekuja na ujuzi wake wote wa jana anajikuta hana ujuzi.

Kigezo chetu hakisifu kila mwendelezo. Blade: Trinity ya mwaka wa 2004, iliyoelekezwa na Goyer mwenyewe, inamleta Dracula pamoja na wasaidizi wapya, Hannibal King na Abigail Whistler. Watu wameongezeka, mizaha imeongezeka, lakini hakuna jibu lolote la filamu mbili za awali linalotiliwa shaka. Mtazamaji anaiona hiyo ikiporomoka, naye ana haki. Anayesema kwamba miendelezo yote ni sawa hajazitazama hizi mbili kwa pamoja.

Tendo kama Kauli

Hoja ya pili dhidi yetu husema kwamba filamu za aina hii ni mapigano matupu yasiyo na maudhui. Hapa ndipo udhaifu wa mbinu yetu ya uhakiki unapojitokeza waziwazi. Tumezoea kuorodhesha dhamira, kisha kuzithibitisha kwa dondoo za maneno ya wahusika. Kazi ambayo wahusika wake wanasema kidogo inatuacha mikono mitupu, nasi tunaiita tupu badala ya kujiita sisi watupu. Fauka ya hayo, tunasahau kwamba tumejifunza kutoka kwa fasihi simulizi yetu wenyewe kwamba ishara za mtambaji ni sehemu ya matini.

Chukua mfano wa Reinhardt, mmojawapo wa kile kikosi. Katika mkutano wao wa kwanza anamuuliza Blade, mbele ya wenzake, kama mtu wa rangi yake anaweza kuiva uso kwa haya. Swali ni la kibaguzi, na kila aliyemo chumbani anajua hivyo. Mwandishi wa tamthilia ya kimaadili angempa Blade hotuba. Blade anamchezea akili, kisha anambandika kisogoni bomu dogo ambalo kitufe chake anakishika mwenyewe. Tangu hapo Reinhardt anatembea filamu nzima akiwa amebeba jibu la swali lake. Tendo hili linasema juu ya ubaguzi, juu ya mapatano ya kulazimishwa na juu ya nani anaaminiwa kushika silaha, na linasema hayo yote bila sentensi moja ya mahubiri. Mhakiki anayetaka dondoo hatalipata hapa, ilhali maudhui yamejaa tele.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Katika filamu ya kwanza, Frost anamng'oa Dragonetti meno na kumwacha ufukoni hadi jua linapochomoza na kumteketeza. Alfajiri ni chombo cha mauaji na cha dhihaka. Katika Blade II, Nyssa, aliyeumwa na Nomak na kuanza kugeuka Mvunaji, anachagua kufa angali yeye. Blade anambeba hadi nje ili aone jua likichomoza, naye anasambaratika kuwa majivu mikononi mwake. Tukio ni lile lile: mnyonyadamu mwenye damu safi anauawa na alfajiri. Maana imepinduliwa kabisa, kutoka ukatili hadi huruma. Kinaya hiki hakiwezi kuonekana na mtu aliyetazama filamu moja tu. Kinaishi baina ya filamu mbili, mahali ambapo mwendelezo pekee unaweza kufika.

Nomak na Liyongo

Ubora mkubwa wa Blade II, kwa maoni yetu, umo katika usawiri wa Nomak, anayeigizwa na Luke Goss. Yeye ni adui, tena wa kutisha: kidevu chake hupasuka katikati, na kinywa kikafunguka kama ua la nyama. Hata hivyo, ndiye mwenye dai la haki kuliko mhusika mwingine yeyote. Aliumbwa kwa matakwa ya babaye, akaonekana ana dosari, akatupwa. Hakuomba damu aliyo nayo. Katika hili yeye na Blade ni pacha, kwani Blade naye hakuomba. Wanapopigana mwishoni, Blade anapigana na kile ambacho angekuwa lau Whistler, mzee aliyemlea, hangemwokota. Blade anapompata hatimaye kwa kupenyeza upanga ubavuni, Nomak mwenyewe ndiye anayeukamilisha mchomo, kwa kuwa amechoka kuteseka. Mshindi hapati furaha ya ushindi.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka mara moja kisa cha Fumo Liyongo. Liyongo hakuweza kudhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma sindano hiyo ni mwanawe, aliyerubuniwa na watawala wa Pate. Katika kisa hicho ulimwengu wa kimaadili uko upande wa baba: mwana ni msaliti na anaishia katika aibu. Del Toro anatupa muundo unaofanana nao: mwili usiodhurika isipokuwa mahali pamoja palipofichika, jumba la utawala, baba na mwana, na mauti yanayopita katikati yao. Ila lawama imehamishwa. Msaliti wa kwanza ni baba. Mwana anapomuua Damaskinos, na binti anapofunga njia ambazo baba angetorokea, tunashuhudia nyumba ikijihukumu yenyewe. Hatudai kwamba mwelekezi huyu wa Meksiko aliwahi kumsikia Liyongo. Tunadai kwamba kuzisoma kazi hizi mbili pamoja kunatuuliza swali ambalo uhakiki wetu wa utendi ule haujaliuliza vya kutosha: mwana alikosa nini nyumbani hata akawa rahisi kununuliwa?

Mumiani na Hoja ya Ugeni

Hoja ya tatu ni ya uzalendo. Husemwa kwamba mnyonyadamu ni kiumbe cha Ulaya, kwamba alikuja na Dracula ya Bram Stoker ya mwaka wa 1897, na kwamba msomi wa Kiafrika ana mambo yake ya kushughulikia. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau sisi tusingekuwa na mumiani. Neno hili limo katika kamusi zetu, na hofu yake imo katika kumbukumbu za wazee wetu wa pwani na bara. Wakati wa ukoloni ilivuma habari Nairobi, Kampala na kwingineko kwamba wazimamoto waliwateka watu usiku na kuwafyonza damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka wa 2000, alizikusanya habari hizo na kuonyesha kwamba si upuuzi wa wajinga. Zilikuwa lugha ya kuuzungumzia utawala, kazi na unyonyaji. Huko Ulaya nako, Karl Marx alimtumia mnyonyadamu kama jazanda ya mtaji katika kitabu chake cha mwaka wa 1867, na mhakiki Franco Moretti akamsoma Dracula kwa mkabala huo.

Sasa turudi katika tukio la kwanza la Blade II. Mtu aliyechakaa anaingia katika benki ya damu mjini Prague. Wahudumu wanampima, wanamwambia damu yake ni adimu, na wanampeleka ndani. Wahudumu hao ni wanyonyadamu. Ni nani atakayemwambia msikilizaji wa Kiswahili kwamba tukio hili ni geni? Hii ni hadithi ya mumiani tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa safari hii aliyeletwa kunyonywa anageuka na kuwanyonya walionyonya. Tena, katika masimulizi ya wazimamoto, waliokamata watu aghalabu walikuwa Waafrika walioajiriwa na wakubwa wa kizungu. Filamu hii nayo ina watumishi wa namna hiyo. Kounen, wakili wa Damaskinos, ni mwanadamu. Scud, kijana anayemtengenezea Blade silaha na kula naye meza moja, ni mwanadamu na ni mtu wa Damaskinos. Kikulacho ki nguoni mwako. Swali la kwa nini mtu anayeweza kuliwa anajiajiri kwa mlaji ni swali la kisiasa, na sisi tuliotawaliwa tuna haki ya kwanza ya kuliuliza.

Yaongezwe haya: watazamaji wetu hawakutungoja. Wapo wasimulizi wanaozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kwa Sheng', wakiwapa wahusika majina mapya na kuingiza vichekesho vya mtaani. Hadhira imekwisha kuitwaa filamu ya mapigano ikaifanya utambaji. Idara za fasihi ndizo zilizobaki zikijadili kama zifungue mlango.

Kasoro

Utetezi usiokiri kasoro ni propaganda, nasi hatuna nia ya kuuandika. Blade II ina dosari za wazi. Katika baadhi ya mapigano waigizaji wanaondolewa na kuwekwa maumbo ya kompyuta, na uzito wa miili unatoweka; jambo hili linaudhi zaidi katika filamu ambayo Donnie Yen, bingwa wa mapigano wa Hong Kong, alishiriki kuipanga. Whistler, tuliyeaminishwa kwamba amekufa katika filamu ya kwanza, anarejeshwa na kuponywa kwa usiku mmoja, na urahisi huo unapunguza thamani ya kifo chake. Kisha, baada ya majivu ya Nyssa, filamu inafungwa kwa mzaha jijini London unaomnyima mtazamaji nafasi ya kuomboleza.

Kasoro kubwa kuliko zote ni ya kutokuwapo. Filamu ya kwanza ilimpa Blade mwenzi wa kifikra, Karen Jensen, daktari mweusi mtaalamu wa damu aliyejiponya kwa elimu yake mwenyewe. Katika Blade II hayupo. Nafasi yake ya maarifa imechukuliwa na wanaume, na nafasi yake ya kihisia imepewa binti wa mtawala ambaye lazima afe. Hapa mwendelezo umelitupa swali la filamu ya kwanza badala ya kulizidisha. Kwa kigezo chetu wenyewe hilo ni kosa, na anayeipenda filamu hii hana budi kulitamka.

Hitimisho

Angalia kwamba kasoro hizo hazikugunduliwa na wale wanaoidharau Blade II. Wao walikwisha kuihukumu kwa jina la kundi lake, na kundi halina kasoro mahususi kama lisivyo na ubora mahususi. Dharau haimwezeshi mtu kuona uzuri, wala haimwezeshi kuona ubaya. Mwanafunzi anayefunzwa kudharau hafunzwi kuhakiki.

Tunachodai ni kidogo. Pendekezo la tasnifu juu ya filamu ya wanyonyadamu lisomwe kama pendekezo lolote: lina swali, lina mbinu, lina matini ya kutosha? Likishindwa kwa vigezo hivyo, likataliwe. Likivitimiza, mwenye nalo asitumwe kwenda kutafuta riwaya. Damaskinos alimtupa mwanawe kwa kuwa damu yake haikuwa safi kama alivyotaka, na mwana akarudi kubisha mlango. Idara zetu zina wana wengi zilizowatupa kwa sababu ya usafi wa damu ya fasihi. Ni heri tuwafungulie mlango wakiwa bado wanabisha kwa adabu.